Kibali cha Kuzika Mguu

Nchi ninayoisimulia hapa ni nchi nzuri. Nasema hivyo mwanzoni kabisa, tena kwa hiari yangu, ili baadaye asije mtu kudai sikusema. Jina lake silitaji, kwa sababu kulitaja kunahitaji barua ya ruhusa, na ukitaka kuulizia ofisi inayotoa barua hizo lazima kwanza utaje jina la nchi. Wenye akili walilipanga hivyo, nami siwezi kuwapinga.

Mimi ni Daktari Ngoda. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mpasuaji katika hospitali ya wilaya. Nilikula nimesimama, nililala na viatu miguuni, na marehemu mke wangu alizoea kunikaribisha nyumbani kama mgeni. Nilipotimiza miaka sitini na miwili vidole vikaanza kutetemeka, nikaandika barua kuomba kazi ya kukaa kitini. Serikali yetu ni sikivu. Ikanipeleka Bodi ya Kuhakiki Madai ya Ulemavu.

Siku za kwanza nilidhani nimekosea mlango. Nilipewa chumba chenye feni, kiti kinachozunguka, chai ya saa nne na chapati mbili, na jalada moja kwa siku. Jalada moja! Mimi niliyezoea kufungua matumbo matatu kabla sijanawa uso. Nililisoma lile jalada taratibu, nikalirudia, nikatazama dirishani, nikanenepa.

Mtunza masijala alikuwa Bi. Eufrasia, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya tatu nilimwomba mhuri wa kukubali.

"Hapa kuna mhuri wa kukataa tu, daktari," aliniambia. "Ule mwingine ulipelekwa kutengenezwa mpini."

"Lini?"

"Mwaka ule wa mafuriko."

Nikamuuliza kuhusu koti jeupe lililoning'inia nyuma ya mlango wangu. Akashusha sauti. Lilikuwa la daktari aliyenitangulia. Yeye alimwandikia kipofu mmoja kadi ya ulemavu, kwa kalamu, bila mhuri. Bodi ikakaa, ikaona kwamba mtu anayeona ulemavu ambao serikali haiuoni, huyo macho yake ni mabovu. Wakamchukua kwenda kumtibu macho.

"Akapona?"

"Si koti lake ndilo hilo hapo," alisema Bi. Eufrasia, akaondoka.

Tangu siku hiyo nilikaa nimelipa kisogo lile koti. Usiniulize kwa nini sikuligusa. Niliogopa, basi.

*

Msomaji mgeni atauliza kulikuwa na shida gani watu wakipewa kadi zao. Shida ilikuwa hotuba. Mtukufu Mlezi, kiongozi wetu, alitangaza uwanjani kwamba chini ya malezi yake ulemavu umekwisha nchini. Watu walipiga makofi hata wale wa mkono mmoja, ambao walijipiga mapajani. Baada ya hotuba kama ile, kazi ya Bodi ikawa kuhakiki kwamba imetimia.

Tena kulikuwa na Matembezi ya Shukrani. Kila Jumamosi alfajiri, kila mwananchi wa mji mkuu hutembea kilomita kumi na mbili kumshukuru Mtukufu Mlezi kwa miguu aliyotuachia. Yeye mwenyewe hufuata nyuma ndani ya gari, polepole, ili asimwache mtu nyuma. Nasi madaktari tulitembea. Aliyekosa Jumamosi tatu alipelekwa Kambi ya Kurekebisha Mwendo. Sijui huko wanarekebishaje, kwa kuwa sijakutana na aliyerudi. Kadi ya Bodi pekee ndiyo ingeweza kumwokoa mtu na matembezi, na kadi ya mwisho kutolewa ndiyo ile ya yule kipofu.

Basi nikaletewa jalada la Hamdani Chamwela, mpasua mbao, miaka hamsini na minne, mguu wa kulia haupo. Jumamosi alizokosa: mbili.

Kabla sijafungua ukurasa wa pili, mwenyewe akaingia kwa magongo, jasho likimtiririka.

"Shikamoo daktari! Kumbe ni wewe! Alhamdulillahi, basi mimi nimepona."

Nilimkumbuka papo hapo. Mguu ule niliukata mimi, miaka tisa nyuma, baada ya gogo la mvule kumwangukia msituni. Alikuwa mtu wa utani hata akiwa na homa. Sasa alifungua vifungo vya shati akanionyesha makwapa yake. Magongo yalikuwa yameyala mpaka nyama nyekundu.

"Kilomita kumi na mbili, daktari. Wenzangu wanafika saa tatu, mimi nafika magharibi. Wiki mbili hizi nimeshindwa kabisa. Jumamosi hii nikikosa, wananipeleka. Niandikie kikadi tu."

"Bwana Chamwela, usiwe na wasiwasi," nikasema. Nilikuwa na wasiwasi mwenyewe, ila mdomo wa daktari umezoea kusema hivyo.

"Sina wasiwasi. Wewe ndiye uliyeukata, nani atakubishia?"

Akatoka akichekacheka. Nikafungua ukurasa wa pili, na chai ikanipalia.

*

Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi. Mguu ukikatwa huviringishwa kitambaa cheupe, jamaa wanaupokea, wanaupeleka makaburini na kuuzika kwa heshima, ili mwenyewe siku yake ikifika aukute. Mkewe Chamwela, Bi. Siwema, alikuja hospitali siku ile akaupakata ule mguu kama mtoto. Baada ya saa moja akarudi analia. Mlinzi wa makaburi alikataa kufungua geti bila kibali cha mazishi.

Fomu ya kuzika mguu haikuwapo. Ilikuwapo ya kuzika mtu. Nilikuwa na wagonjwa wawili mezani, mama wa watu analia, inzi wameanza kuja. Nikachukua ile fomu nikajaza: jina, Hamdani Chamwela, sababu, kuangukiwa na gogo. Pembeni, pambizoni, nikaandika kwa herufi ndogo: *mguu wa kulia tu, mwenyewe yu hai*. Nikatia sahihi, nikarudi kwenye damu yangu.

Sasa kibali kile kilikuwa mbele yangu, ndani ya jalada, kimeshonwa vizuri. Masijala yetu hupenda majalada yalingane, na yanaposhonwa pambizo hukatwa kwa mashine. Maneno yangu ya pembeni yalikwenda na takataka za mwaka huo. Kilichobaki kilisema Hamdani Chamwela amefariki dunia, na chini yake kulikuwa na sahihi yangu, yenye mkia mrefu, ya mtu asiyeogopa kitu.

"Huyu ni marehemu," alisema Bi. Eufrasia akichungulia juu ya bega langu. "Marehemu hadai."

"Lakini ametoka hapa sasa hivi!"

"Mimi nasoma karatasi, daktari. Na karatasi hii nimeshaipeleka nakala kwa Mwenyekiti."

Nikimkubali Chamwela kuwa hai, basi mimi nilimzika mtu hai kwa karatasi, na kughushi kifo ni kosa ambalo adhabu yake husomwa kwa sauti ya chini. Nikimkataa, Jumamosi anakwenda kambini. Nilikaa kwenye kiti kinachozunguka, kikanizungusha, uso wangu ukaelekea lile koti.

*

Mwenyekiti wa Bodi, Mheshimiwa Fulgensi Matandiko, aliniita kesho yake. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Bwana mkubwa akifoka unajua ulipo. Akibembeleza, hujui.

"Daktari, kumbukumbu za nchi hii hazidanganyi," alisema. "Ndiyo fahari yetu. Sasa nimetazama. Kaburi lipo. Kibali kipo. Kinachokosekana ni mtu."

"Mheshimiwa, pale pambizoni niliandika..."

"Pambizo gani?"

Nikatazama ukingo wa jalada, uliokatwa sawasawa.

"Hatutamwonea mtu," aliendelea. "Tutafukua. Kaburi lenyewe litatueleza. Ijumaa saa nne, njoo na kalamu yako."

Ijumaa saa nne makaburini kulikuwa na turubai, viti vya plastiki, kipaza sauti na bendi ya tarumbeta. Chamwela aliletwa na askari wawili na sajini wao. Mkewe alifuata nyuma, ameshika kanga mdomoni. Mchimbaji alichimba urefu wa mtu mzima, kwa kuwa kibali kilisema mtu mzima. Alipofika chini akatoa kijifurushi cha kitambaa kilichooza na mifupa ya mguu mmoja, akakiweka juu ya udongo.

"Ndio wenyewe," alisema Chamwela kwa furaha. "Hicho kidole gumba kilipinda tangu utotoni. Mnaona sasa?"

Mwenyekiti alishika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Leo ni siku ya ukweli. Kaburi hili lilikabidhiwa mtu mmoja kamili. Limekaguliwa mbele yenu, likaonekana lina upungufu. Sehemu kubwa ya marehemu haimo. Serikali yenu haitavumilia upotevu wa namna hii, hata kidogo, hata wa goti!"

Tarumbeta zikalia. Mwenyekiti akanigeukia, akanisogezea kipaza sauti mdomoni kwa upole uleule.

"Daktari, wewe ndiye mtaalamu. Huyu aliyesimama hapa, yu hai au ni marehemu?"

Nilitazama shimo. Lilikuwa refu na safi, kona zake zimenyooshwa vizuri. Nikapima kwa macho, na Mungu anisamehe, nikaona linanitosha mimi. Nilitaka kusema yu hai. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto analiweza. Nikamwona Chamwela ananikonyeza, ana hakika nami, kama siku ile alivyonikonyeza kabla ya sindano ya usingizi.

"Marehemu," nikasema.

Kipaza sauti kilisambaza neno hilo makaburini kote. Chamwela akacheka, akidhani ni utani wetu wa zamani. Kisha akanitazama vizuri, akaacha kucheka. Bi. Siwema alikaa chini mchangani. Nimeona watu wengi wakifa mikononi mwangu, na sikuwahi kuona aibu kama niliyoiona pale.

"Basi arudishwe," alisema Mwenyekiti, akaangalia saa yake.

Askari wawili wakamshika Chamwela mabega. Gongo moja likaanguka shimoni. Hapo mlinzi wa makaburi, yule yule wa miaka tisa nyuma, akainua mkono.

"Samahani Mheshimiwa. Kibali kiko wapi?"

"Si kimo ndani ya jalada?"

"Kile kimeshatumika. Kina mhuri wa geti. Kibali kimoja, maziko mamoja. Anayeingia leo anahitaji kingine."

"Daktari, mwandikie kingine!"

"Hakiwezekani," alisema Bi. Eufrasia, aliyekuwa amekaa na jalada mapajani. "Kibali kipya kinataka kifo kipya. Huyu kifo chake kimeshaandikishwa. Mtu hafi mara mbili, kumbukumbu zitagongana."

Mwenyekiti alifuta jasho. Kumbukumbu kugongana ndicho kitu pekee alichokiogopa duniani. Akaagiza afungwe jela, sajini akauliza marehemu anashtakiwa kwa kifungu gani. Akaagiza apelekwe kambini, sajini akasema jina lake limeshafutwa wiki hii, kama la marehemu, kwenye orodha ya watembeao. Bendi haikujua ipige nini.

"Basi aende nyumbani," alisema Mwenyekiti hatimaye. "Lakini aende kama marehemu."

Chamwela aliokota mifupa yake, akaifunga kwenye ncha ya kanga ya mkewe. Mchimbaji akamtolea gongo. Alipopita mbele yangu hakunitazama.

*

Jumamosi ile jina lake halikuitwa. Wala Jumamosi iliyofuata. Mtendaji wa kata alimpelekea Bi. Siwema rambirambi na kumtaka akae eda, naye akakaa, mumewe akimchotea maji kwa mkono mmoja, wa pili ukishika gongo. Baada ya wiki tatu Chamwela akaja ofisini kwangu. Nilisimama, nikaegemea ukuta.

"Kaa daktari, sikuja kwa shari," alisema. "Siku ile uliniumiza. Nilikutukana njia nzima, mke wangu shahidi. Lakini makwapa yamepona. Jumamosi nalala mpaka saa nne. Polisi wakiniona wanasema poleni, wanapita. Toka nizaliwe sijawahi kuachwa hivi."

"Nisamehe, Bwana Chamwela. Niliogopa."

"Najua. Nani asiyeogopa humu?"

Alipotoka, mlangoni alikuwa amesimama yule sajini, kofia mkononi.

"Shikamoo daktari. Nina goti," alisema kwa kunong'ona. "Sitaki kadi. Niandikie kama ulivyomwandikia yule."

Nilimwambia haiwezekani. Akasema vizuri tu, basi atakwenda kumuuliza Mwenyekiti imewezekanaje kwa Chamwela. Nikavuta fomu. Mhuri wa kukataa haukuwa na kazi hapo, kwa kuwa kifo hakikataliwi.

Kesho yake walikuja wanne. Wiki iliyofuata foleni ilishuka ngazi, ikatoka nje, ikazunguka jengo. Walikuja wenye maumivu ya vigimbi, wajawazito, walimu wa darasa la kwanza, wapiga tarumbeta. Kila mmoja alikuwa mpole na kila mmoja alinitisha kwa namna yake, nami niliwaandikia wote, ofisi yangu ya polepole ikawa na kasi kuliko chumba cha upasuaji. Bi. Eufrasia alifariki siku ya Jumanne, akaendelea kuja kazini kwa sababu alipenda majalada. Mwenyekiti Matandiko alikuja jioni moja kupitia mlango wa nyuma, akafunga pazia.

"Kwanza mke wangu," alibembeleza. "Kisha mimi. Sababu andika uchovu."

"Na mimi, Mheshimiwa, nani ataniandikia?"

"Daktari hajithibitishii kifo chake mwenyewe, hilo unalijua. Na madaktari wengine si umeshawaandikia?"

Ilikuwa kweli. Nilihesabu majina wiki nzima nikitafuta daktari mmoja aliyesalia. Nilikuwa nimewamaliza.

*

Jumamosi iliyofuata nilifika uwanjani alfajiri, kukiwa na manyunyu. Hapakuwa na mtu. Bendera zilikuwa zimelowa. Nilisubiri, nikidhani nimekosea saa, mpaka nikasikia gari.

Gari refu jeusi la Mtukufu Mlezi lilisimama nyuma yangu. Kioo kikashuka kidogo. Miaka yote ile sikuwahi kumwona karibu. Alikuwa mzee mdogo, mwenye blanketi magotini na glasi ya dawa mkononi.

"Wenzako wako wapi?"

"Wamefariki, Mtukufu."

"Wote?"

"Wote, Mtukufu. Kumbukumbu zipo."

Dereva alitazama mbele.

"Na nani aliwathibitisha?"

"Mimi."

Nilingoja aite askari, kisha nikakumbuka kwamba askari pia niliwaandikia. Alikunywa dawa yake, akajifuta mdomo.

"Basi tembea," alisema. "Mimi nipo nyuma yako. Tutasimama watakapofufuka."

Kioo kikapanda. Nikatembea.

Kilomita ya tatu magoti yalianza kuwaka. Barabarani pande zote marehemu walikuwa vibarazani mwao, wanakunywa uji, wamejifunika shuka. Waliponiona waliacha kuzungumza. Sajini alisimama mlangoni na kikombe, akatazama gari, akarudi ndani. Mwenyekiti Matandiko alisogeza pazia, akalirudisha. Sikuwalaumu, kwa kuwa nilijua wanachoogopa. Anayeshuka barabarani amefufuka, na aliyefufuka yumo tena kwenye orodha. Nilianza kulia kwa sauti kama mtoto, na taa za gari zikanisukuma mgongoni.

Kilomita ya tano nilianguka. Gari likasimama, likangoja, taa hazikuzimwa. Nikaamka. Nilipoanza tena kwenda nikasikia kitu ubavuni mwangu kinagonga lami, kinagonga, kinatua, kinagonga. Sikuthubutu kugeuza shingo.

"Rudi nyumbani, Bwana Chamwela," nilinong'ona. "Wewe umeshapona. Watakuona, watakuandika upya."

"Wameshaniona," alisema. Nyuma yetu kioo cha gari kilikuwa kinashuka. "Punguza mwendo, daktari. Mguu ninao mmoja."